Je, Wajua? Tarishi Alikufa Mapema Kuliko Bosi Wake

Uliza watu nani katika ofisi kubwa yumo hatarini zaidi kufa kwa ugonjwa wa moyo, na wengi watamtaja mkurugenzi. Ndiye mwenye vikao mpaka usiku, ndiye anayepigiwa simu na waziri, na mambo yakiharibika lawama zote humwangukia yeye. Hata madaktari wa Uingereza waliwahi kuamini hivyo, mpaka walipohesabu vifo.

Je, wajua kwamba kuanzia mwaka 1967 wanaume zaidi ya 17,000, wote watumishi wa serikali katika ofisi za Whitehall jijini London, walipimwa afya zao kisha wakafuatiliwa mwaka baada ya mwaka? Utafiti huo ulikuja kujulikana kwa jina la mtaa huo, na aliyeutangazia ulimwengu matokeo yake ni daktari Michael Marmot. Watu wale hawakuwa fukara wa kukosa chakula. Hawakufanya kazi migodini wala mbele ya tanuri za chuma. Walikuwa na ajira ya kudumu, pensheni, na matibabu ya bure kama raia wengine wote wa Uingereza. Kwa macho ya mpita njia, wote walikuwa watu wa ofisini tu.

Vifo vyao vilifuata ngazi ya vyeo. Katika miaka kumi ya kufuatiliwa, matarishi na mabawabu, watu wa daraja la chini kabisa, walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya kile cha maofisa wa daraja la juu kabisa. Na mpaka haukupita kati ya wakubwa na wadogo peke yao. Kila ngazi ilikuwa na afya duni kuliko ile iliyo juu yake, hivyo hata ofisa wa pili kutoka juu, mtu mwenye elimu nzuri na nyumba nzuri, alikuwa na hatari zaidi ya yule aliyemtangulia kwa cheo.

Jibu linalokuja haraka ni sigara, na kweli watu wa madaraja ya chini walivuta zaidi. Lakini watafiti walipoweka kando athari za sigara, shinikizo la damu na lehemu, mambo hayo yote kwa pamoja yalieleza kama theluthi moja tu ya tofauti ile. Theluthi mbili zilibaki bila maelezo.

Mwaka 1985 ukaanza utafiti wa pili, safari hii ukiwa na watu 10,308, wanawake wakiwemo. Waliulizwa maswali ambayo madaktari wa moyo hawakuwa wamezoea kuyauliza. Nani anaamua kazi yako ifanywe vipi? Unaweza kuchagua lini upumzike? Unaona maana katika unachofanya? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba uhaba wa uamuzi juu ya kazi ya mtu mwenyewe ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoeleza kwa nguvu kwa nini watu wa vyeo vya chini waliugua moyo zaidi. Mkurugenzi ana mzigo mkubwa, lakini anaweza kuahirisha kikao, kumkabidhi mwingine, au kufunga mlango akatafakari. Tarishi hana hata kimoja katika hivyo. Akiitwa huitika, akitumwa huenda, na siku yake nzima imo mikononi mwa watu wengine. Mwili hauzoei hali hiyo. Hukaa macho siku nzima kana kwamba kuna hatari, homoni za tahadhari hazishuki inavyotakiwa, na mishipa ya damu hulipa gharama kimya kimya kwa miaka.

Tangu nilipousoma utafiti ule sijaweza tena kumsikia mtu akisema kwamba kuwashirikisha wafanyakazi ni jambo la heshima tu, zuri likiwepo na si hoja likikosekana. Ni suala la afya, sawa na maji safi.

Mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa

Je, wajua kwamba mtu aliyelitenganisha jambo hili vizuri zaidi hakuwa daktari? Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alichukua takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani akapima vitu viwili mbali mbali: kazi inamdai mtu kiasi gani, na inampa uhuru gani wa kuamua. Kazi inayodai sana na kutoa uhuru mkubwa huchosha, lakini humkuza mtu. Inayodai sana na kunyima uhuru ndiyo iliyoandamana na uchovu na sonona.

Mifano ya kwetu haiko mbali. Yupo mpokea simu za wateja anayesoma sentensi alizoandikiwa na mtu mwingine huku kompyuta ikimhesabia sekunde. Yupo mshonaji wa kiwanda cha nguo za kuuza nje anayepiga mshono mmoja wa mfuko wa suruali kutwa nzima. Yupo hata karani mwenye miaka ishirini kazini ambaye hawezi kununua bunda la karatasi bila saini tatu. Huyo wa mwisho hulaumiwa kwa uvivu. Mimi naona mtu aliyefundishwa kwa miaka ishirini kwamba fikra zake hazihitajiki.

Saa hamsini na tano

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya pamoja: katika mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo vinavyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na mtu wa saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi kwa mtu wa saa 55 ni kubwa zaidi kwa asilimia 35.

Wajapani wana neno maalumu la kifo kinachotokana na kazi nyingi, karoshi. Kisa cha kwanza kinachotajwa ni cha mwaka 1969, cha kijana wa miaka 29 wa idara ya usafirishaji ya gazeti kubwa, aliyepatwa na kiharusi. Ilichukua mpaka mwaka 2014 kwa nchi hiyo kupitisha sheria ya kuzuia vifo vya aina hiyo, na mpaka 2018 kuweka ukomo wa kisheria wa saa za ziada wenye adhabu ndani yake.

Sasa tazama Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na inaruhusu saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne. Gawanya 50 kwa nne, upate 12 na nusu. Jumlisha na 45. Mwajiri anayefuata sheria barabara, bila kuvunja hata kifungu kimoja, anaweza kumweka mtu kazini saa 57 na nusu kwa wiki, yaani ndani kabisa ya eneo ambalo mashirika yale mawili yanalihesabu kuwa la hatari. Vyama vya wafanyakazi vina haja ya kuisema hesabu hiyo kwa sauti, hasa kwa ajili ya walinzi na madereva wa malori.

Chakula cha mchana kilicholiwa kwa kusimama

Yupo mwajiri aliyezipunguza saa za kazi zamani, akapima matokeo. Ernst Abbe alizaliwa mwaka 1840 mjini Eisenach, Ujerumani. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi, saa 14 hadi 16 kwa siku, na mtoto ndiye aliyempelekea chakula cha mchana. Abbe alikuja kusimulia ukubwani jinsi baba yake alivyokula amesimama, ameegemea mashine, kwa haraka, kisha akamrudishia chombo na kuendelea. Hapakuwa na mapumziko. Kabla hajafika miaka hamsini, mtu yule aliyekuwa na maungo ya nguvu alikuwa tayari na sura na mwendo wa mzee.

Mtoto akawa mwanafizikia. Hesabu zake za jinsi mwanga unavyopita kwenye lenzi ziliziwezesha karakana za Carl Zeiss mjini Jena kutengeneza hadubini bora kuliko nyingine za wakati wake. Robert Koch alizitumia alipomgundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Abbe akawa mshirika wa Zeiss, na tajiri. Zeiss alipofariki, Abbe aliunda wakfu mwaka 1889, na muda si mrefu akaukabidhi hisa zake za kampuni, akabaki meneja wa kuajiriwa katika kampuni iliyokuwa yake.

Je, wajua kilichoandikwa katika katiba ya wakfu huo ya mwaka 1896? Likizo yenye malipo. Pensheni kama haki, si kama hisani ya mwenye mali. Fidia kwa anayeachishwa kazi bila kosa. Sehemu ya faida kwa wafanyakazi. Na kifungu ambacho ningependa kukiona kwenye mashirika yetu ya umma: hakuna kiongozi yeyote wa kampuni, hata wa juu kabisa, kulipwa zaidi ya mara kumi ya kipato cha wastani cha wafanyakazi wazoefu wa kampuni hiyo.

Mwaka 1900 Abbe alipunguza siku ya kazi kutoka saa tisa hadi nane. Hakutoa amri tu. Aliwauliza kwanza wafanyakazi kama wanaamini wataweza kutimiza katika saa nane kile walichotimiza katika tisa, na wengi wakakubali. Kisha, kama mwanasayansi, akapima. Alichukua mafundi 233 waliolipwa kwa kipande cha kazi, akalinganisha mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata. Kazi iliyofanywa kwa kila saa ilipanda kwa zaidi ya asilimia 16. Maana yake ni kwamba jumla ya kazi ya siku, ingawa siku ilikuwa fupi zaidi, haikupungua hata kidogo; ilizidi kwa kama asilimia tatu.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Uchovu ni deni. Usipolipwa wote kwa usingizi na mapumziko ya siku hiyo hiyo, salio huhamia kesho, na kuanzia hapo linazaa. Siku fupi ilimpa fundi nafasi ya kurudi asubuhi akiwa hana salio.

Henry Ford, ambaye husifiwa zaidi, alifika kwenye saa nane mnamo Januari 1914, alipoongeza pia malipo hadi dola tano kwa siku kule Detroit. Mwaka uliotangulia wafanyakazi walikuwa wakimkimbia kwa kasi ya kutisha: kiwango cha wanaoondoka na kubadilishwa kilifika asilimia 370, kwa sababu mstari wa kuunganisha magari uliwachosha watu wakaacha kazi baada ya wiki chache. Alichokosa Ford ni kuamini watu. Alianzisha idara ya wakaguzi waliotembelea nyumba za wafanyakazi kuchunguza unywaji wao, akiba yao na usafi wa vyumba vyao, na asiyewaridhisha hakupata dola tano kamili.

Wodi nzuri zilizoonekana mbaya

Miaka ya tisini mwanamke mmoja aliyekuwa akisomea uzamivu Harvard, Amy Edmondson, alijiunga na utafiti wa makosa ya dawa katika hospitali za Massachusetts. Alitarajia jambo ambalo kila mtu angelitarajia, kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri na muuguzi mkuu anayeheshimiwa zitakuwa na makosa machache. Takwimu zilipokuja zilionyesha kinyume. Wodi nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi kwenye orodha.

Angeweza kuzitupa takwimu zile. Badala yake alijiuliza kama wodi nzuri zinakosea zaidi au zinasema zaidi. Alimtafuta mtafiti mwingine, ambaye hakuambiwa lolote kuhusu matokeo, akamtuma akakae wodini na kutazama tu. Akakuta kwamba katika wodi fulani muuguzi aliyekosea dozi alimwendea msimamizi siku hiyo hiyo, wakakaa pamoja kutafuta sababu. Katika wodi nyingine wauguzi walieleza kwamba ukikosea unaletwa mezani kama mshtakiwa, kwa hiyo makosa yanafichwa. Orodha ya makosa ilikuwa fupi kwa sababu ya hofu.

Nani kati yetu hajaona ofisi ya namna hiyo? Ripoti za robo mwaka ni safi, kila lengo limefikiwa, na siku mkaguzi anapofika ndipo inajulikana kwamba mfumo ulikuwa umevunjika tangu mwaka juzi na karani wa chini kabisa alijua. Alijua, ila hakuona faida ya kusema. Meneja anayejisifu kwamba idara yake haijawahi kuletewa lalamiko anapaswa kuogopa.

Watu wale wale, jengo lile lile

Je, wajua kwamba kiwanda kilichokuwa na wafanyakazi wanaosemwa kuwa wabaya kuliko wote katika kampuni ya General Motors kiligeuka kuwa miongoni mwa viwanda vyake bora, wengi wa wafanyakazi wakiwa wale wale?

Kiwanda hicho kilikuwa Fremont, California. Watu walikunywa pombe kazini. Siku ya kawaida zaidi ya mtu mmoja kati ya watano hakufika. Wengine waliyaharibu magari makusudi. Sheria kuu ya mahali pale ilikuwa kwamba mstari wa kuunganisha magari hausimami kwa sababu yoyote, hata gari likipita na injini iliyowekwa vibaya. Litarekebishwa baadaye, uani. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa.

Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale waliopoteza kazi, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kile kile. Makundi yao yalipelekwa Japani kujifunza, na wengi walieleza baadaye kwamba kilichowashangaza kule ni kamba. Ilipita juu ya vichwa vya wafanyakazi mstari mzima, na mtu yeyote, hata aliyeajiriwa jana, akiona kasoro aliruhusiwa kuivuta. Kiongozi wa kikundi alikuja mbio akiuliza nikusaidie nini, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda mfupi mstari ulisimama. Mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amekatazwa kuusimamisha mstari sasa alipewa uwezo wa kusimamisha kiwanda chote.

Utoro ukashuka hadi asilimia chache tu. Ubora wa magari ukapanda mpaka kulingana na yale yaliyotoka Japani. Kiwanda kiliendelea hivyo hadi kilipofungwa mwaka 2010, na sasa ndani ya majengo yake yanatengenezwa magari ya Tesla.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata ndani ya General Motors yenyewe. Viwanda vyake vingine vilitembelea Fremont, vikapiga picha, vikafunga kamba. Lakini wasimamizi waliendelea kupimwa kwa idadi ya magari yanayotoka, kwa hiyo mfanyakazi aliyevuta kamba alifokewa. Kamba ikabaki ikining'inia.

Wauguzi wasio na meneja

Uholanzi katika miaka ya tisini iliigawa kazi ya muuguzi wa kutembelea wagonjwa majumbani kuwa vipande. Kuchoma sindano kulipewa dakika zake, kuogesha dakika zake, kubadili soksi za kubana miguu dakika zake, na kila kipande kilikuwa na bei yake. Muuguzi mwenye ujuzi mkubwa hakupaswa kuogesha, kwa sababu ni ghali. Matokeo yake ni kwamba bibi mmoja mgonjwa aliweza kutembelewa na nyuso nyingi tofauti ndani ya mwezi, akirudia maelezo yale yale kwa kila mgeni.

Jos de Blok, muuguzi aliyewahi kupanda hadi umeneja katika mfumo huo, aliuacha. Mwaka 2006 yeye na wenzake wachache walianzisha Buurtzorg, shirika la uuguzi wa mtaani. Timu moja haizidi wauguzi 12. Wao wenyewe wanapanga ratiba, wanaajiri wenzao, wanatafuta ofisi, wanaamua mgonjwa gani anahitaji nini. Hawana meneja juu yao. Kuna washauri wa kuitwa timu ikikwama, ambao hawana mamlaka ya kuamua. Shirika limekua hadi kuwa na wauguzi wapatao 10,000, na makao makuu yake yana watu wa makumi tu. Lilishika mara kadhaa nafasi ya mwajiri bora wa mwaka nchini mwake, na wagonjwa wake walipata nafuu kwa saa chache za huduma kuliko walizopangiwa, kwa sababu muuguzi anayemfahamu mgonjwa humfundisha kujihudumia na kumwita jirani asaidie.

Mfumo huu hauwezi kuhamishwa popote kama ulivyo. Uholanzi ina bima inayolipa kwa uhakika na wauguzi wengi kuliko sisi. Lakini sehemu ya kumwachia mtu mwenye taaluma apange zamu yake na wenzake haihitaji bajeti yoyote.

Simu baada ya saa za kazi

Mwaka 2011 kampuni ya Volkswagen ilikubaliana na wawakilishi wa wafanyakazi wake nchini Ujerumani kwamba barua pepe zisifike kwenye simu za kazi kuanzia nusu saa baada ya zamu kwisha hadi nusu saa kabla ya zamu inayofuata. Kampuni nyingine ya magari, Daimler, ilikwenda mbali zaidi: aliyekuwa likizo aliweza kuchagua barua pepe zinazomjia zifutwe, na mtumaji apewe jina la mtu mwingine wa kuwasiliana naye. Ufaransa iliweka haki ya kujitenga na simu za kazi ndani ya sheria kuanzia Januari 2017, na mwaka 2022 muswada wa aina hiyo ulipelekwa katika Seneti ya Kenya. Kwetu tatizo si barua pepe bali grupu la WhatsApp la idara, ambamo bosi huandika saa nne usiku na asiyejibu huonekana hana moyo wa kazi. Bosi anayetaka kubadilika ana njia nyepesi: aandike ujumbe usiku akipenda, autume asubuhi.

Jua la saa saba

Maelfu ya Waafrika Mashariki wanafanya kazi katika nchi za Ghuba, kwa hiyo hili linawahusu moja kwa moja. Oman inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Qatar ilipanua katazo lake mwaka 2021, likawa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kutoka Juni mosi hadi Septemba 15. Aliye na ndugu kwenye ujenzi kule amkumbushe saa hizo.

Hisani bila sauti, sauti bila hisani

Je, wajua kwamba mojawapo ya kampuni zilizowatunza wafanyakazi wao Waafrika vizuri kuliko nyingi za wakati wa ukoloni ndiyo hiyo hiyo ambayo wafanyakazi wake walipigwa risasi? Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga, Kongo, iliona miaka ya ishirini kwamba vibarua wa muda mfupi wanakufa na kutoroka kwa wingi. Kuanzia 1928 ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, wake na watoto kuruhusiwa kuja, nyumba, zahanati, posho ya chakula, shule.  Lakini mfanyakazi hakuruhusiwa kuwa na chama wala kujadiliana mshahara. Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma. Askari waliwafyatulia risasi, na makumi wakauawa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi.

Tanzania ilijaribu kuanzia upande mwingine. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata, Februari 1971, chama tawala, TANU, kikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na majivuno, ufedhuli na tabia ya kuwakandamiza wengine. Wafanyakazi waliibeba ibara hiyo wakaingia nayo viwandani. Kwa zaidi ya miaka miwili palitokea mfululizo wa migomo, na namna mpya ya kupinga: kumfungia meneja nje ya lango huku kazi ikiendelea ndani. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifanya hivyo kwa wenye kiwanda.

Msomi Issa Shivji, aliyeyaandika matukio hayo kwa makini kuliko wengine, alionyesha kwamba malalamiko mengi hayakuhusu mshahara. Yalihusu matusi, dharau, na meneja anayemfukuza mtu kwa sababu ya kumjibu. Watu walioishi kwa ujira mdogo waliweka heshima mbele ya nyongeza. Baadaye serikali iliyoandika ibara ile ilianza kuwakanya walioifuata, na baadhi yao wakafukuzwa kazi. Naliona hilo kuwa moja ya makosa makubwa ya kipindi kile, kwa sababu nchi ilikuwa imekwisha kuandika, kwa Kiswahili chepesi ambacho kila kibarua alikielewa, jambo ambalo madaktari wa London walikuja kulithibitisha kwa takwimu baadaye.

Mabaraza hayakufa. Sheria ya majadiliano katika utumishi wa umma ya mwaka 2003 inayatambua, na kila mwaka magazeti huripoti baraza la wizara hii au wakala ule likijadili makadirio ya bajeti. Wajumbe wake ni menejimenti na wawakilishi wa wafanyakazi kutoka idara mbalimbali. Katika taarifa hizo hukosi habari za mafunzo, madai ya uhamisho na kupandishwa madaraja. Bado natafuta taarifa ya baraza lililokaa siku nzima kujadili nani anapanga zamu, na aliyeripoti kosa lake mwenyewe mwaka jana alitendewa nini.